Bomba la hewa la kujitengenezea: PVC iache kwa maji

Ukishaibana injini ya dizeli ya silinda moja ndani ya fremu ya pampu, mara nyingi chujio la hewa linakosa nafasi. Hapo vijana wengi wanakata kipande cha PVC, wanakipinda kwa moto, wanafunga, wanawasha. Jamani, hapana. PVC inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 80 hivi, na ekzosi iko palepale jirani. Ikilainika inaachia kwenye kiungio, na injini inavuta vumbi ambalo halijapita kwenye chujio. Vumbi hilo ni msasa: linakula silinda na ringi, na wewe unafungua injini nzima wakati nyanya zinataka maji.

Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, ila kuichomelea vizuri kunataka mashine ya gesi ya agoni, na fundi wa mtaani mara nyingi hana. Mimi nachagua bomba la chuma cheusi, jembamba la ukuta. Lenye rangi ya mabati liache. Moshi wa zinki unamuumiza anayechomelea.

Kipenyo kisipungue kile cha mdomo wa injini, hata nafasi ikiwa finyu. Ukiibania hewa, utaona moshi mweusi. Kati ya bomba na chujio weka kipande kifupi cha mpira wa rejeta na klipu mbili, maana chuma kitupu kinapasuka kwa mtetemo. Mpira mrefu unanywea hewa ikivutwa. Kabla ya kufunga, ligonge na ulisugue ndani mpaka magamba yote ya kuchomelea yatoke.