Laptopu ya zamani: kabla hujaitupa, ijaribu na Linux

Kila tunapogusia kompyuta hewani, swali moja hurudi kwa sura mbalimbali. Laptopu imekuwa nzito, inachukua dakika kumi kuwaka, inaganda ukifungua mambo mawili kwa pamoja, na sasa inaleta ujumbe kwamba Windows yake imefika mwisho. Je, ndiyo imekufa? Wanaouliza hivyo ni watu wanaoitegemea. Yumo mwenye steshenari anayechapa barua na mihutasari ya vikao, yumo mwalimu mwenye alama za wanafunzi, yumo katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa ambaye mahesabu ya wanachama wote yamo ndani ya mashine hiyo moja.

Jibu letu ni kwamba mara nyingi haijakufa. Unaweza kuiwekea mfumo endeshi mwingine uitwao Linux, bila kulipia chochote. Lakini fanya mambo mawili kwanza: ijaribu Linux kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya laptopu, na uhamishe nakala ya mafaili yako yote mahali pengine. Anayeruka hatua hizo mbili anaweza kupoteza kazi ya miaka kwa kubofya mara moja.

Kwa nini suala hili limekuja sasa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa muda. Mashine haizimiki kwa sababu hiyo. Kinachotokea ni kwamba matundu ya usalama yanayogunduliwa baada ya hapo hayazibwi tena. Windows 11 nayo ina masharti. Inataka kifaa kidogo cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali, isipokuwa chache, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, yaani za kuanzia mwaka 2017 hivi. Laptopu nyingi za mtumba zilizopo mikononi mwetu ni za kabla ya hapo.

Chukua mfano wa Dell Inspiron 15 ya namba 3521, yenye prosesa ya Core i3 kizazi cha tatu, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Windows 11 haiikubali. Linux inaikubali bila neno.

Linux si kitu kigeni kama jina lake linavyosikika. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Helsinki, Finland, na tangu hapo imejengwa na maelfu ya watu. Kama simu unayosomea makala hii ni ya Android, basi kiini chake ni Linux. Inakuja kwa matoleo mengi, na moja kati ya yale yanayojulikana sana, Ubuntu, lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa jina hilo. Ni utu.

Uchague toleo lipi

Watu hupotea hapa kwa sababu matoleo ni mamia na kila shabiki anasifia lake. Sisi tunapendekeza Linux Mint, tena ile yenye sura ya Xfce, kwa mtu anayetoka Windows na mwenye RAM ya GB 4. Menyu iko pembeni chini kama ulivyozoea na haili nguvu nyingi za mashine. Toleo la 22 litatunzwa hadi mwaka 2029. Mint yenyewe inasema RAM ya GB 2 inatosha kuanzia, lakini kwa GB 2 utavumilia zaidi ya kufurahia. Kama mashine ni ya GB 1, au ni kongwe kiasi cha kutumia mfumo wa biti 32, tafuta antiX. Haina urembo mwingi, ila inatembea pale ambapo nyingine zinakwama.

Tuseme ukweli kuhusu uzito. Linux ni nyepesi, lakini kivinjari cha intaneti hakijawa chepesi kwa sababu hiyo. Ukifungua kurasa ishirini kwenye RAM ya GB 4, mashine itaganda vilevile. Kama una fedha kidogo ya kutumia, inunulie SSD, yaani diski isiyozunguka, kabla ya kununua kitu kingine chochote. Mashine ya dakika kumi huweza kuwaka chini ya dakika moja, na badiliko hilo ni kubwa kuliko lolote utakalolipata kwa kubadili programu. Baada ya hapo ndipo ufikirie kuongeza RAM.

Kupata faili na kutengeneza flashi

Faili la Mint Xfce lina ukubwa wa karibu GB 3, na hilo si bando la mchezo. Lipakue usiku kama mtandao wako una bei nafuu ya usiku, au muombe mtu aliye mjini. Sheria za Linux zinaruhusu kugawana, hivyo mmoja akipakua, kijiji kizima kinaweza kunakili kutoka kwake bila kosa lolote. Lichukue kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe, wala si kwenye kurasa za watu wanaogawa programu za bure. Kisha linganisha ukubwa wa faili ulilopata na ule uliotajwa pale. Faili lililokatika njiani huleta matatizo ya ajabu baadaye, na mtu huilaumu laptopu bure.

Unahitaji flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo ndani yake kitafutwa, kwa hiyo kiondoe kwanza. Kunakili faili tu na kulibandika kwenye flashi hakutoshi. Lazima liandikwe kwa programu maalumu. Kwenye Windows tumia Rufus au balenaEtcher. Asiye na kompyuta nyingine ana njia ambayo wengi hawaijui: programu ya Android iitwayo EtchDroid huandika flashi moja kwa moja kutoka kwenye simu kupitia kichomeo cha OTG. Hakikisha simu ina chaji ya kutosha na usiiguse hadi imalize.

Kujaribu bila kugusa kitu

Zima laptopu, chomeka flashi, washa, na papo hapo bonyeza mara kwa mara kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwenye HP ni Esc kisha F9, kwenye Asus ni Esc. Acer nayo hutumia F12, ila mara nyingi lazima kwanza uingie kwenye mipangilio ya ndani kwa F2 na kukiruhusu. Chagua flashi.

Baada ya muda utaona Mint imefunguka yote, na diski yako bado haijaguswa. Hapa usiwe na haraka. Jaribu sauti, kamera, mwanga wa skrini, kila kitufe cha kibodi. Fungua barua zako za Word kwa LibreOffice iliyomo ndani. Chomeka printa na uchapishe ukurasa mmoja. Mwenye steshenari asiruke jambo hili hata kidogo: printa nyingi za HP hukubali zenyewe, lakini baadhi ya Canon za leza za zamani husumbua sana, na printa isiyochapa ni biashara iliyofungwa.

Wi-Fi ndiyo husumbua zaidi. Dell na HP nyingi za miaka ile zina kadi ya Broadcom, ambayo Linux hairuhusiwi kuigawa pamoja na programu zake zote, kwa hiyo huenda usione mtandao wowote. Usikate tamaa. Chukua simu, iunganishe na laptopu kwa waya wa USB, kisha washa kwenye simu sehemu ya kugawa intaneti kwa USB. Laptopu itapata mtandao mara moja. Baada ya kuweka Mint, fungua sehemu iitwayo Driver Manager, nayo itakutafutia programu ya kadi hiyo. Mara nyingi huishia hapo.

Kama mtandao upo lakini tovuti zote zinakataa kufunguka zikidai si salama, angalia tarehe. Laptopu kongwe huwa na betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, iliyokwisha nguvu, na mashine hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa. Sahihisha tarehe, kisha mwambie fundi akubadilishie betri hiyo. Si ya gharama.

Flashi hii ina faida nyingine. Laptopu ambayo Windows yake imegoma kabisa kuwaka, mara nyingi bado unaweza kuiwasha kwa flashi, ukaingia kwenye diski na kuyatoa mafaili yako. Tunawaomba mlijue hili kabla ya kumlipa mtu afute kila kitu.

Kuiweka moja kwa moja

Umeridhika? Sasa nakala. Hamisha nyaraka, picha na mahesabu kwenye diski ya nje au flashi nyingine, kisha yafungue huko uone kama kweli yanafunguka. Andika pia maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari.

Usianze siku ambayo umeme unakatikakatika, hasa kama betri ya laptopu haishiki chaji. Kazi huchukua kati ya nusu saa na saa nzima kwenye diski ya zamani, na umeme ukikatika katikati unaweza kubaki na mashine isiyo na mfumo wowote.

Bofya alama ya kuweka Mint iliyo kwenye skrini. Utaulizwa lugha, kibodi, halafu swali zito: mfumo ukae wapi. Penye maneno "Erase disk and install Linux Mint" maana yake ni kufuta diski yote, Windows na mafaili yako yakiwemo. Penye neno "alongside" maana yake ni kuishi pamoja na Windows, na utachagua moja kila unapowasha. Kwa diski yenye nafasi, na kwa mtu anayetegemea mashine kwa kipato, tunashauri njia ya pili kwa miezi michache ya mwanzo. Ina karaha ndogo: huenda ukirudi Windows ukakuta saa imerudi nyuma kwa saa tatu, kwa sababu Linux huweka saa ya ndani kwa majira ya Greenwich na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Mashine haijaharibika.

Kama laptopu iliwahi kuwa ya ofisi, hakikisha kwanza kwamba diski yake haijafungwa kwa BitLocker. Ukibadili mipangilio ya kuwakia bila kuwa na ufunguo wake wa dharura, unaweza kujifungia nje ya mafaili yako.

Baada ya hapo weka jina na nenosiri utakalolikumbuka, kwa kuwa Mint hukuuliza kila unapoongeza programu. Masasisho hayajipakui yenyewe bila wewe kuruhusu, jambo ambalo mwenye bando dogo atalipenda. Lakini usiyaache mwaka mzima. Yafanye walau mara moja kwa mwezi, kwani ndiyo yanayoziba yale matundu.

Nani asihame

Programu za Windows, zile zenye mwisho wa .exe, hazifanyi kazi kwenye Linux kama kawaida. Kama biashara yako inaendeshwa na programu ya mahesabu iliyotengenezwa kwa Windows pekee, baki huko au tafuta mashine nyingine. Word na Excel hufunguka vizuri kwenye LibreOffice, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice, ambayo LibreOffice ilizaliwa kutoka kwake, kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Publisher ni habari nyingine. Kadi za harusi na vipeperushi vilivyotengenezwa humo huvurugika mpangilio, na wenye steshenari wengi wana mamia ya mafaili hayo. Huyo namshauri abaki na mifumo yote miwili.

Utasikia pia kwamba Linux haina virusi. Si kweli kabisa. Vile virusi vinavyogeuza folda za flashi kuwa alama za mkato vimetengenezwa kwa Windows na havitaamka kwenye Mint, lakini flashi ya mteja inaweza kupita kwako navyo na kwenda kuambukiza kwa mwingine. Na mtu akikulaghai umpe nenosiri lako, hakuna mfumo wa kukuokoa.

Mwisho, kuhusu mafundi. Wapo wanaoweka Windows ya wizi na kuifungua kwa programu ndogo za kuvunja leseni, na hizo mara nyingi ndizo zinazobeba virusi. Ukimpelekea fundi laptopu akuwekee Linux, muulize mambo mawili kabla hujamuachia: nakala za mafaili yangu umeziweka wapi, na je, umeiwasha kwa flashi ukaona Wi-Fi na printa vinafanya kazi? Asiyeweza kujibu, chukua mashine yako uende kwa mwingine.