Ngoja Ngoja Huumiza Matumbo: Gonjwa la Korona na Wenye Kutafuta Mtoto

Wahenga walituachia semi mbili ambazo ukiziweka pamoja huonekana kama zinagombana. Walisema subira huvuta heri. Tena wakasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwaka 2020, gonjwa la korona lilipoenea duniani, watu wengi waliambiwa wasubiri, nao wakasubiri. Lakini wako waliosubiri huku kitu chao kikipungua kila mwezi upitao. Hao ni mume na mke waliokuwa wakitafuta mtoto kwa njia ya tiba. Leo tunapenda kuwazungumza hao.

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, huenda mkauliza habari hii yawahusu nini. Yawahusu sana. Kazi yenu ndiyo ya kulala mbali na nyumba zenu. Ninyi ndio mnaosimama kwenye vizuizi vya barabara siku za maradhi. Na katika nyumba zenu, kama katika nyumba za raia, wako wenye kungoja mtoto miaka mingi bila kumpata. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupatwa na tatizo hili katika maisha yake. Kikosi kizima kikipangwa mstari, hesabu hiyo si ndogo.

Kwanza tuieleze tiba yenyewe. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama yake alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Katika nchi za kanda yetu, Uganda ilipata mtoto wa namna hiyo mwaka 2004, na Kenya mwaka 2006. Mke hupigwa sindano kila siku kwa muda wa siku kumi au zaidi ili mayai yapevuke. Mayai hayo hutolewa, huunganishwa na mbegu za mume katika maabara, na baada ya siku chache kiinitete hutiwa katika mji wa mimba. Kila hatua ina siku yake. Tiba ya namna hii haifanywi kwa barua wala kwa simu; mgonjwa hapana budi afike mwenyewe, tena kwa wakati.

Sasa tazameni yaliyotokea. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona imekuwa gonjwa la dunia nzima. Kabla mwezi huo haujaisha, vyama vya madaktari wa uzazi vya Ulaya na Marekani vilishauri wagonjwa wapya wasianzishiwe tiba. Uingereza iliagiza zahanati zote za namna hiyo zimalize kazi kabla ya tarehe 15 Aprili, na ruhusa ya kufungua ikaanza kutolewa tarehe 11 Mei. Sababu hazikuwa za ovyo. Hakuna aliyejua bado ugonjwa huo ungemfanya nini mama mjamzito, na madaktari na wauguzi walihitajika kwingine.

Hapa kwetu Bujumbura hali ilikuwa ya namna yake. Wagonjwa wa kwanza walitangazwa mwishoni mwa Machi 2020. Mji haukufungwa: masoko yaliuza, watu walisali, na kura zilipigwa mwezi wa Mei. Lakini milango ya kutokea nje ilifungwa. Ndege za abiria zilisimamishwa mwezi wa Machi, na uwanja wa ndege haukufunguliwa tena mpaka tarehe 8 Novemba. Mwezi wa Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya ziwa ikafungwa tena kwa wasafiri.

Basi fikirini mtu wa Buyenzi au Ngagara aliyekuwa ameweka akiba yake miaka kadhaa ili ampeleke mkewe Kampala au Nairobi. Tunasema kwa mfano tu, hatumtaji mtu. Mtu huyo aliamka asubuhi akaenda kazini kama kawaida. Mjini hakuna aliyemzuia. Lakini safari aliyoiwekea akiba haikuwezekana. Kenya ilifungua anga lake tarehe 1 Agosti 2020, na Uganda tarehe 1 Oktoba. Hata angalifika Uganda miezi ile ya mwanzo, angalikuta magari ya watu binafsi yamekatazwa barabarani, na mgonjwa akihitaji kibali cha mkuu wa serikali wilayani ndipo apelekwe hospitali.

Hapo ndipo tunapowageukia ninyi mnaosimama barabarani. Mgonjwa wa namna hii hatoki damu, hakohoi, wala habebwi kwa machela. Ukimtazama kwa macho utamwona mzima, na utadhani anatembea tu. Huenda siku ile ndiyo siku aliyopewa na daktari, na akiikosa, sindano zote alizopigwa na fedha zote alizolipa zimepotea bure. Hatusemi amri ivunjwe. Twasema cheti cha daktari kisomwe mpaka mwisho kabla mtu hajarudishwa alikotoka.

Gonjwa lile liliwagusa askari kwa njia nyingine pia. Warundi walilinda amani Somalia kuanzia mwaka 2007, na wengine walipelekwa Afrika ya Kati. Mwaka 2020 Umoja wa Mataifa ulisimamisha mabadilishano ya vikosi vyake mpaka tarehe 30 Juni, ili maradhi yasisafiri pamoja na askari. Agizo hilo lilikuwa na hekima. Lakini kwa askari yeyote ambaye zamu yake ilirefushwa, na mkewe ana miaka thelathini na minane, miezi ile si miezi ya kawaida. Uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua upesi zaidi baada ya miaka 35, na baada ya 40 hata tiba yenyewe mara nyingi hushindwa. Umri hausikii amri, wala haungoji mpaka ufunguliwe.

Kisha ukaja uvumi. Chanjo ya korona ilipoanza kutolewa Burundi mwezi wa Oktoba 2021, katika nchi nyingi ilikwisha nong'onwa kwamba inaua uzazi. Uchunguzi uliofanywa kwa wenye kutafuta mtoto haukuona jambo hilo. Lililoonekana ni kinyume chake: homa kali ya ugonjwa wenyewe ndiyo iwezayo kupunguza mbegu za mwanamume kwa miezi michache, maana mbegu huchukua kama siku sabini kutengenezwa. Aliyeikimbia chanjo kwa kuogopa utasa alikimbia ngao akauendea mshale.

Kwa hiyo somo letu ni nini? Ni kwamba kuna kungoja tulikolazimishwa na gonjwa, na kuna kungoja tunakojitakia. Wanaume wengi hupoteza miaka mitano, hata kumi, wakimlaumu mke, wakimpeleka kwa waganga peke yake, au wakimtishia kumrudisha kwao. Lakini madaktari wanatuambia kwamba katika karibu nusu ya nyumba zenye shida hii mume naye ana sehemu yake. Kipimo cha mbegu ni kipimo cha darubini. Hakihitaji ndege wala pasipoti. Magonjwa ya zinaa, ambayo huziba mirija ya uzazi ya mwanamke, hutibika mapema kwa dawa za kawaida. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, nendeni wote wawili. Na kama mke amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Daktari wa kikosi ndiye mlango wa kwanza, na jeshi lina hospitali yake Kamenge.

Hatusemi haya kwa kuwa gonjwa lile lingalipo kama zamani. Hali ya hatari iliondolewa mwezi wa Mei 2023. Lakini mwezi wa Julai 2024 ugonjwa wa mpox uliingia Burundi, nao unaweza kuharibu mimba. Maradhi mengine yatakuja, na mipaka huenda ikafungwa tena ghafla kama ilivyofungwa. Siku hiyo ikifika, afadhali imkute mtu amekwisha pimwa, anajua shida iko wapi, na mkewe hana mzigo wa lawama asiyostahili.

Askari hufundishwa kungoja amri, na hufundishwa pia kutopoteza saa ya kwenda mbele. Katika jambo la mtoto, barabara ikiwa wazi, saa hiyo ndiyo hii.