Tiara Jirani na Njia ya Ndege

Upepo wa Kanaha, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Maui huko Hawaii, huvuma kutoka kaskazini-mashariki siku nyingi za mwaka. Kwa upepo huohuo, uwanja wa ndege wa Kahului ulielekezewa njia yake kuu ya kurukia, ili ndege ziruke zikiukabili. Na kwa upepo huohuo, miaka ya 1990, vijana walianza kushuka baharini pale na ubao miguuni na tiara mkononi. Hapo ndipo mchezo huu ulipopata umaarufu wa dunia, na kipande kimojawapo cha ufukwe kinaitwa Kite Beach mpaka leo. Uzio wa uwanja wa ndege uko nyuma ya mgongo wa wachezaji.

Ujirani huu haukutokea kwa bahati. Mhandisi wa viwanja vya ndege hutafuta ardhi tambarare isiyo na vilima wala majengo marefu, penye upepo usiobadilika ovyo. Mcheza tiara hutafuta hayohayo. Ndiyo maana kuanzia ghuba ya San Francisco hadi kusini mwa Uingereza, pwani nzuri za mchezo huu mara nyingine hukutwa chini ya njia ya ndege. Mswahili aliyehamia huko, aliyejifunza mchezo Paje, Unguja, au Galu, pwani ya Kenya, hukuta jambo ambalo nyumbani halikumsumbua sana: anga ina wenyewe.

Tiara hii si kishada cha karatasi. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili haki ya uvumbuzi wa tiara ya kujazwa upepo mwaka 1984, ili ikidondoka baharini ielee na iweze kurushwa tena. Kamba zake kwa kawaida huwa na urefu wa mita 20 hadi 24. Ikiwa juu ya kichwa cha mchezaji aliyesimama majini, tayari imefika kimo cha ghorofa ya saba au ya nane. Akiruka hupanda nayo, na mabingwa wameshavuka mita 30. Jumlisha ruko hilo na kamba: tiara iko zaidi ya mita 50 juu ya maji.

Sasa itazamwe ndege. Ndege ya abiria hushuka kwa pembe ya nyuzi 3. Ikibakiza kilomita moja kufika mwanzo wa njia ya kutua, huwa mita 70 hivi juu ya ardhi. Ikiufikia huo mwanzo, ni kama mita 15 tu. Kati ya tiara ya bingwa aliyeruka na tumbo la ndege kunabaki nafasi ndogo ya kutisha. Hata ndege isipoigusa tiara, ncha za mabawa huacha nyuma yake vimbunga vidogo visivyoonekana, ambavyo huzama polepole kuelekea chini. Rubani wa ndege ndogo hufundishwa kuviogopa. Kitambaa cha mita 12 za mraba kikikutana navyo, anayening'inia chini yake hana la kufanya.

Sheria zimeandikwa kwa hesabu za namna hiyo. Nchini Marekani, kanuni za FAA, mamlaka ya anga ya nchi hiyo, zinahusu tiara yenye uzito unaozidi pauni 5, yaani kilo 2 na robo. Haitakiwi kurushwa ndani ya maili 5 (kilomita 8) kutoka mpaka wa uwanja wowote wa ndege, wala kupanda zaidi ya futi 500. Tiara nyingi za kujazwa upepo, hasa zile kubwa, huupita uzito huo. Nyepesi nayo haikuachwa huru: tiara yoyote ikirushwa kwa namna inayohatarisha watu au mali, ni kosa.

Hapa ndipo mgeni anapojikwaa. Kite Beach yenyewe imo ndani ya maili 5. Ufukwe wa Crown, Alameda, ng'ambo ya San Francisco, nao uko karibu na uwanja wa Oakland, na tiara huonekana hapo kila msimu. Pwani za namna hii zinaendeshwa kwa desturi na mipaka ya mahali: Kanaha, kwa mfano, wenye tiara hukaa upande wa chini ya upepo, wenye ubao wa tanga upande wa juu, na hakuna kati yao anayeingia majini kabla ya saa tano asubuhi. Wingi wa tiara angani si kibali. Unaonyesha tu kwamba wenyeji wanajua mpaka uko wapi, na mpaka huo mgeni hauoni kwa macho.

Mipaka mingine ni ya maji yenyewe. Kuzunguka viwanja vya San Francisco na Oakland kuna ukanda wa usalama wa yadi 200 kutoka ufukweni, ambao chombo chochote hakiruhusiwi kuuingia bila idhini. Mchezaji anayesukumwa na upepo hadi huko atakutana na walinzi kabla hajakutana na waokoaji.

Uingereza imechagua kipimo kingine. Popote nchini, tiara isizidi mita 60 juu ya ardhi bila idhini ya CAA, mamlaka ya anga ya huko. Ndani ya eneo la uwanja wa ndege, ambalo kwa uwanja mdogo ni duara lenye nusukipenyo cha maili 2 za baharini, kikomo hushuka hadi mita 30 katika saa za kazi za uwanja huo. Ufukwe wa Lancing, mashuhuri kwa mchezo huu, umo ndani ya duara la uwanja wa Shoreham, uliofunguliwa mwaka 1911. Mwenye kamba za mita 24 yuko salama kisheria anapoteleza. Akiruka mita sita au saba, ameshavunja sheria, hata kama hakuna ndege hata moja angani.

Kwa hiyo kazi huanza nyumbani, kabla pampu haijatolewa kwenye begi. Ramani ya anga huonyesha maduara ya viwanja. Matangazo ya muda kwa marubani hueleza anga iliyofungwa siku hiyo. Mwenye ufukwe, awe halmashauri au hifadhi, ndiye anayejua kama kurusha tiara hapo kunaruhusiwa, na mara nyingi klabu ya mahali ina makubaliano naye. Uingereza, uanachama wa British Kitesports huja na bima ya madhara kwa wengine. Jina na namba ya simu viandikwe kwenye tiara. Ikipotea, walinzi wa pwani wapigiwe mara moja, na kama upepo unaipeleka uwanjani, uwanja nao uarifiwe.

Na likizo ya nyumbani? Paje iko zaidi ya kilomita 30 kutoka uwanja wa Abeid Amani Karume, kwa hiyo wakati wa kusi na wa kaskazi huchezwa bila wasiwasi huo. Diani, uliko ufukwe wa Galu, si hivyo. Uwanja mdogo wa Ukunda uko karibu na ufukwe, na ndege kutoka Wilson, Nairobi, hushuka hapo kila siku. Anayekwenda kucheza huko na aulize kwanza shule za tiara za Galu zinarushia wapi, na awaulize KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, pale jibu lisipotosheleza.