Ushujaa wa Mwana wa Unoka

Aghalabu msomaji wa riwaya ya Chinua Achebe iliyotoka mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliifasiri kwa jina la Shujaa Okonkwo, huifunga akiwalaumu Wazungu kwa yote yaliyomfika shujaa huyo. Na lawama hiyo, ijapokuwa si ya bure, humsahaulisha kwamba aila ya Okonkwo ilikwisha kupata ufa kabla mmisionari wa kwanza hajakanyaga Umuofia, kwao shujaa huyo.

Asili ya mambo ni Unoka, baba yake, mpiga filimbi na mpenda pombe, aliyefariki na madeni ya watu bila cheo hata kimoja. Kwa kuchelea kufananishwa naye, Okonkwo aliazimia kukichukia kila alichokipenda mzee yule, na kwa kuwa katika hivyo mlikuwamo upole, huruma ikawa kwake fedheha, na ghadhabu ndiyo hisia pekee aliyothubutu kuidhihirisha mbele za watu.

Taamali kifo cha Ikemefuna, kijana aliyetolewa na watu wa Mbaino kuwa fidia ya damu, akalelewa nyumbani kwa Okonkwo miaka 3 hata akamwita baba. Ilipoamriwa kijana auawe, mzee Ezeudu alimwusia Okonkwo asitie mkono wake katika jambo lile. Lakini kule msituni walikompeleka, kijana alipopigwa panga la kwanza akamkimbilia yeye kutaka hifadhi, Okonkwo alichomoa panga lake akammaliza, kwa kuogopa tu wenziwe wasije wakamwona dhaifu. Nwoye, mwanawe wa kwanza, alipotambua yaliyotendeka, moyo wake ulimtoka babaye, na wamisionari walipokuja baadaye hawakuwa na kazi kubwa ya kumchukua.

Wala isidhaniwe kuwa huo ndio uanaume wa Waigbo wote, watu wa Okonkwo huko Nigeria. Okonkwo alipompiga mkewe Ojiugo katika Juma la Amani, ambamo ugomvi ulikatazwa, kuhani Ezeani alimtoza mbuzi jike, kuku, kitambaa na kauri 100. Obierika, sahibu yake, alikataa kwenda kumwua kijana, na heshima yake haikupungua. Tena yuko mzee Ndulue, aliyevuma vitani ujanani mwake, naye hakufanya neno pasipo kumwarifu mkewe Ozoemena. Okonkwo aliposikia hayo alistaajabu, akaona shaka kama kweli mtu huyo alipata kuwa na nguvu. Kwangu mimi, mshangao huo wafichua zaidi kuliko mieleka yote ya Okonkwo.

Maradhi hayo ya ukali wa baba hayakukaa Nigeria peke yake. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Zakaria wa Ukerewe, mlevi asiyeitunza nyumba yake, alimpiga bintiye vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana, na Rosa akakua akiwahofu wanaume bila kufundishwa kuwajua, hata alipopata uhuru wa shuleni na chuoni akawa hana la kujikingia. Mwisho wake alijiua. Okonkwo alijinyonga kwa kamba yake mwenyewe. Madhila ya Zakaria yalimwangukia binti, na kwa hilo Kezilahabi, kwa rai yangu, amekuwa hakimu mkali kuliko Achebe.