Chakula cha Krismasi Chapanda Ghorofani
Jinsi jamaa za Tassia zinavyohifadhi karamu za nyumbani

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Desemba, mtaa wa Tassia, ulioko Embakasi katika upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, hubadilika sura. Alfajiri na mapema watu huonekana wakishuka ngazi za maghorofa marefu wakiwa na mizigo. Huyu amechukua mfuko wa sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. Yule amefunga blanketi jipya la mzee wake. Mwingine amebeba mikate kichwani, naye anaichunga isipondeke. Wote wanaelekea barabara ya Outer Ring, na kutoka huko hadi kituo cha mabasi cha Machakos, ambako mabasi ya kwenda bara hujaa hata mtu hapati mahali pa kuweka mguu. Ukimwuliza mmoja wao aendako, hatakutajia mji wala kijiji. Atajibu neno moja tu: "Nyumbani."

Neno hilo lina historia yake. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli iliyotoka Mombasa. Kwa miaka mingi Mwafrika aliyefanya kazi mjini alihesabiwa kuwa mpita njia. Nyumba nyingi alizopangishwa zilikuwa vyumba vya wanaume peke yao, mtu na kitanda chake. Mke, watoto na wazee walibaki shamba. Chakula cha mjini kilikuwa cha kushibisha tumbo tu. Chakula cha kukumbukwa kilingoja likizo ya mwisho wa mwaka, mtu aliporudi kwao na kuketi pamoja na baba na mama yake. Hiyo ndiyo asili ya safari ya Desemba.

Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta Nairobi ina watu wapatao 119,000. Ile ya mwaka 2019 ilikuta watu 4,397,073. Wengi wao sasa huishi na wake na watoto wao, na watoto hao wamezaliwa mjini. Tassia yenyewe ni mtaa wa siku za karibuni ukilinganishwa na Pumwani au Kaloleni. Hata hivyo neno "nyumbani" halikuhama. Bado ni kule kwenye boma la babu. Wahenga walisema, mwenda kwao si mtumwa.

CHAPATI ZA MWAKA MARA MOJA

Wazee waliokulia shambani wanapokumbuka Krismasi za utoto wao, jambo la kwanza wanalotaja ni chapati. Chakula hicho hakikuwa cha mababu. Kililetwa na Wahindi, na kati yao walikuwamo wale wafanyakazi wapatao 32,000 waliokuja kujenga reli kati ya mwaka 1896 na 1901. Lakini kwa kuwa unga wa ngano na mafuta vilinunuliwa kwa fedha taslimu, jamaa nyingi zilipika chapati siku ya sikukuu tu. Kwa sababu hiyo chapati iliheshimiwa kuliko vyakula vingine vyote.

Kazi yake ilianza mkesha wa sikukuu. Unga ulikandwa kwa maji ya vuguvugu, chumvi na mafuta kidogo, ukafunikwa kwa kitambaa upumzike. Kisha ulikatwa madonge, ukasukumwa juu ya meza kwa chupa tupu, kwa maana si kila nyumba ilikuwa na kibao na mpini wake. Watoto waliketi kuzunguka moto wakihesabu kila chapati iliyotoka juu ya kikaango, na mama naye alikuwa akiwahesabu wao. Mtoto aliyekata kipande kwa siri alijulikana kwa mafuta ya midomoni.

Tena kulikuwa na nguo mpya, ambazo hazikuvaliwa mpaka asubuhi ya tarehe 25. Kulikuwa na tawi la msonobari lililosimamishwa ndani ya kopo la mchanga na kupambwa kwa karatasi za rangi. Na kulikuwa na soda, chupa moja kwa watoto wawili, wakinywa kwa zamu huku kila mmoja akitazama koo la mwenzake.

Kila upande wa nchi ulikuwa na vyakula vyake. Wakikuyu walikuwa na mukimo na nyama ya mbuzi. Wakamba walikuwa na muthokoi. Waluo walikuwa na samaki wa ziwani. Huko Kakamega na Vihiga, sikukuu bila kuku haikuwa sikukuu. Kuku aliliwa kwa ugali wa wimbi, pamoja na mboga za kienyeji kama mrenda na kunde. Baada ya kula, vijana walikwenda kutazama mafahali wakipigana, mchezo ambao Waisukha na Waidakho wanausifu hata leo. Na tarehe 26 Wamaragoli hukutana Mbale kwa sikukuu yao ya utamaduni.

NAULI YA WATU SITA

Lakini safari ya nyumbani si nyepesi. Nauli hupanda wiki hiyo ya Krismasi, na Januari iko mlangoni na karo za shule. Mwezi Desemba mwaka 2021 gari la moshi la abiria lilirudi katika njia ya Nairobi na Kisumu, likawapa faraja wasafiri wengi wa magharibi. Hata hivyo mwenye watoto wengi bado hupiga hesabu mara mbili.

Mfano wa jamaa moja wafaa kutazamwa, kwa kuwa mambo yake yanafanana na ya jamaa nyingi za Tassia. Baba ni karani katika bohari moja ya Eneo la Viwanda; mama ni fundi cherehani; watoto ni wanne. Kwao ni Kakamega, mwendo wa zaidi ya kilomita 350. Mwaka uliotangulia walikuwa wamemzika babu, na gharama za mazishi zilikuwa hazijamalizika kulipwa. Baba alipohesabu nauli ya watu sita, kwenda na kurudi, aliona ya kwamba fedha za karo zitaliwa njiani. Aliweka kalamu chini akanyamaza. Alijua mama yake ataketi peke yake siku ya Krismasi, mara ya kwanza bila mumewe.

Mkewe ndiye aliyepata shauri. "Baba watoto," alisema, "ikiwa hatuwezi kulipa nauli ya watu sita kwenda kwa mmoja, kwa nini tusilipe ya mmoja kuja kwa watu sita?"

Shauri lilikuwa jema, ila lilikuwa na fundo lake. Kwa desturi ya jamaa nyingi za Waluhya, mzazi halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Fundo hilo lilifunguliwa kwa adabu: binti wa dada yake bibi, anayekaa mtaa wa jirani wa Pipeline, alikubali kumlaza. Basi nauli ikapelekwa kwa simu siku ile ile.

JOGOO KATIKA ORODHA YA TANO

Mama mzee aliwasili tarehe 23 akiwa na kikapu cha viazi vitamu, unga wa wimbi, karanga, na majogoo wawili waliofungwa miguu. Jamaa hiyo hukaa orodha ya tano. Alipanda ngazi polepole, akipumzika kila orodha na kuwasalimu wenyeji wake, hata alipofika juu alikuwa amejua majirani wengi kuliko mwanawe aliyekaa pale miaka sita.

Majogoo walifungwa kwenye roshani. Saa kumi ya alfajiri mmoja aliwika, na mwenzake akamjibu. Jengo zima liliamka. Baba alitoka upesi kuomba radhi, lakini badala ya malalamiko alikuta watu wakicheka mlangoni. Mzee mmoja wa orodha ya chini alisema ya kuwa hajaamshwa na jogoo tangu alipoondoka kwao, na kwamba alipoisikia sauti ile usingizini alidhani yuko kwa mama yake.

Siku ya mkesha Kukhu, kama wajukuu walivyomwita, aliwafundisha kazi. Watoto wale walikuwa wamezoea kuku aliyekatwakatwa na kufungwa katika mfuko. Sasa walijifunza kumnyonyoa kwa maji ya moto, kumbabua manyoya madogo kwa moto, na kumkata viungo bila kuvunja mifupa ovyo. Jiko la makaa liliwekwa kwenye roshani penye hewa, na mama aliwakataza watoto kuliingiza ndani, kwa kuwa hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa imeua watu wengi waliokuwa wakiota moto. Mtoto wa kwanza alisukuma chapati. Ya kwanza ilitoka na umbo la ramani. Kukhu alisema moto hauangalii umbo, nayo ikaliwa.

Harufu ilipoenea, sahani zilianza kusafiri. Mama mmoja Mkamba alileta muthokoi. Jirani Mkikuyu alileta mukimo. Jamaa moja ya Kiislamu kutoka Mombasa, iliyokaa mlango unaotazamana nao, ilileta pilau, ingawa sikukuu haikuwa yake, kwa kuwa siku ya Idi ilikuwa imepelekewa soda na matunda. Hakuna sahani iliyorudi tupu. Hiyo ni adabu inayojulikana pwani na bara.

FIRIGISI YA BABU

Palikuwa na jambo moja lililobaki, nalo halikutajwa na mtu. Kwa desturi ya Waluhya firigisi ya kuku ni haki ya mkubwa wa nyumba. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kula kuku kabisa, wala mayai. Mwiko huo ulilegea katika karne ya 20, lakini heshima ya firigisi ilibaki. Katika boma la Kakamega ilikuwa ya babu miaka yote. Naye alikuwa na tabia yake: alikula nusu, na nusu ya pili alimpa mtoto aliyemletea maji ya kunawa.

Sasa meza iliandaliwa Tassia, na mama wa nyumba aliiweka firigisi katika kisahani akabaki amesimama, hajui aiweke mbele ya nani. Watu wote waliitazama. Kwa sheria ya mila ilikuwa ya mwana, kwa maana ndiye aliyeshika mahali pa baba yake. Yule bwana aliipokea kwa mikono miwili. Kisha aliinuka, akaiweka mbele ya mama yake.

"Mama," alisema, "mkubwa wetu sasa ni wewe."

Mama mzee alikitazama kile kisahani kwa muda mrefu. "Mwanangu," alijibu, "tangu niolewe nimeipika hii. Sijui hata ladha yake."

"Onja leo, Mama."

Aliikata katikati kwa kisu. Nusu aliila polepole, wala hakusema kama ni tamu au si tamu. Kisha aligeuka akamtafuta kwa macho mjukuu wake wa kike, aliyekuwa bado ameshika birika la maji ya kunawa, akampa nusu ya pili.

Wako wazee watakaosema ya kuwa hapo mila ilivunjwa. Wengine watasema haikuvunjwa, kwa kuwa mtoto wa maji alipata haki yake kama alivyokuwa akipata siku zote. Hilo ni shauri la kila jamaa. Lakini yule msichana, aliyekuwa akimkumbuka babu yake kama picha ya ukutani tu, tangu siku hiyo amejua babu alikuwa mtu wa namna gani.

YAPASAYO KUFANYWA

Wenye watoto mjini wafaa kuyafikiri mambo haya kabla Desemba haijafika. Kwanza, safari ya nyumbani itunziwe akiba kidogo kidogo tangu Januari, katika chama au benki, maana nauli ya Krismasi haimwonei huruma anayekumbuka dakika ya mwisho. Pili, asiyeweza kwenda asione haya kumwalika mzee aje, na ampangie malazi yanayopatana na desturi yake. Tatu, watoto, wa kiume na wa kike, waitwe jikoni wazee wakiwa bado wana nguvu. Mapishi ya bibi hayakuandikwa katika kitabu chochote. Yamo mikononi mwake, naye akiondoka huondoka nayo. Mwenye kalamu na aandike vipimo, na mwenye simu na apige picha.

Tarehe 27 mama mzee alishuka ngazi za Tassia akirudi kwake. Kikapu alichokuja nacho kilikuwa kimejaa tena: sukari, majani ya chai, leso mpya, na sahani ya jirani wa Mombasa iliyokuwa imetiwa mahamri. Sahani ile ilimtia wasiwasi njia nzima mpaka kituoni. Alimwagiza mwanawe mara tatu amwambie mwenyewe ya kwamba itarudi mwakani, na haitarudi tupu.