Duka lako linatembea na PHP ya mwaka gani?

Wapambanaji, hii ni kwa wenye duka kwenye tovuti yao wenyewe, siyo Instagram wala WhatsApp. Kama fundi alikutengenezea kwa WordPress, chini yake kuna lugha inaitwa PHP. Ndiyo injini, na ina mwisho wa matunzo.

PHP 7.4 iliachwa na watengenezaji tarehe 28 Novemba 2022. 8.0 ikafuata Novemba 2023, 8.1 Desemba 2025. Siku hiyo duka halizimi, linauza kama kawaida, ndiyo maana watu wanajisahau. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama: tundu likigundulika, hakuna wa kuliziba. Na humo ndani kuna majina na namba za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa hata wewe mwenye maboksi mawili ya viatu.

Kuangalia ni bure. Kwenye dashibodi fungua Tools, kisha Site Health, kisha Info, shuka mpaka Server.

Sasa, kubadilisha toleo ndani ya cPanel ni kubofya tu. Balaa liko kwenye plagini. Dada mmoja anauza vitenge hapa Tunduma, kampuni inayomhifadhia tovuti ikamwandikia kwamba 7.4 inaondolewa. Tulitengeneza kwanza nakala ya duka kwenye anwani ya pembeni, tukaibadilisha nakala peke yake. Bidhaa zilifunguka vizuri. Kubonyeza kulipia, kurasa nyeupe! Plagini ya kupiga hesabu ya nauli ya mzigo ilitumia create_function, amri iliyofutwa tangu 8.0. Fundi aliyeiandika hapatikani hewani. Tukaitoa, tukapanga nauli kwa maeneo ndani ya WooCommerce yenyewe: Songwe bei yake, Mbeya yake, Dar yake. Hakulipa hata senti. Kwenye duka halisi tulibadilisha Jumanne usiku, bekapu ikiwa kwenye kompyuta yake. (Mwisho wa mwezi usiguse kitu, oda ni nyingi.)

Kuna kampuni zinakuachia toleo la zamani kwa ada ya ziada. Mimi ningelipa mwezi mmoja tu, wa kutafutia fundi.

Na usihamie 8.2, nayo inaachwa Desemba 2026. Jaribu 8.4 kwenye nakala, hiyo inatunzwa hadi mwisho wa 2028. Plagini zikigoma, 8.3 ina mpaka mwisho wa 2027.