SOMO LA TISA: MFARISHI WA VIRAKA NA WALIMU WAKE

Nyinyi mliokusanyika kikundi kikundi, wekeni karibu sindano, uzi, mkasi, na nguo kuukuu zisizovaliwa tena. Katika somo lililopita tulijifunza kutia kiraka katika nguo iliyotoboka. Leo tutaona jinsi viraka vyenyewe vinavyoweza kuwa nguo nzima.

Kwanza, mfarishi ni nini? Ni kifuniko cha kitandani chenye tabaka tatu. Juu ni uso, uliounganishwa kwa vipande vya kitambaa. Katikati ni pamba, au nguo nyingine ya kuleta joto. Chini ni bitana. Tabaka hizo hushikanishwa kwa kupiga bandi, yaani mishono midogo ya kupanda na kushuka, ipitayo toka juu hata chini. Bila ya bandi hiyo pamba ingejikusanya upande mmoja, na mwenye kulala angepata baridi upande wa pili.

Kazi hii hufanywa katika nchi nyingi, lakini leo nimechagua walimu wa mahali pamoja tu: kijiji cha Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, kusini ya Marekani.

Kijiji hiki kimezungukwa na mto Alabama pande tatu. Wengi wa watu wake ni wajukuu wa watumwa waliolimishwa pamba katika shamba la Joseph Gee, ambalo baadaye lilikuwa mali ya Mark Pettway. Ndiyo sababu wengi wao mpaka leo huitwa Pettway. Utumwa ulipokwisha mwaka 1865 walibaki pale pale, wakilima ardhi ya wengine. Nyumba zao zilikuwa na nyufa, na katika majira ya baridi baridi iliingia ndani. Blanketi za dukani zilikuwa ghali. Basi akina mama walishona mifarishi kwa suruali za kazi zilizochakaa, magauni, na magunia. Pamba waliokota mabaki, wakaipiga kwa fimbo mpaka ikatandazika.

Je, nani aliwafundisha? Hapakuwa na shule ya ushonaji. Mama alimfundisha binti yake, na shangazi akamfundisha mtoto wa ndugu yake. Watoto walikaa chini ya kiunzi cha mbao kilichowamba mfarishi, wakitazama sindano zikipenya juu ya vichwa vyao. Mkubwa kidogo alipewa kazi ya kutunga uzi. Uso wa mfarishi kila mwanamke aliuunganisha peke yake nyumbani, lakini kupiga bandi walikusanyika majirani. Kwa hiyo binti mmoja alipata walimu wengi: huyu mwenye mishono midogo, yule mwenye jicho la kupanga rangi. Mary Lee Bendolph, aliyezaliwa mwaka 1935, alijifunza kwa mama yake, Aolar Mosely. Mwaka 2015 yeye, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa tuzo ya taifa la Marekani kwa kazi yao.

Nitawaambieni habari ya mfarishi mmoja. Mwaka 1942 mama mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, miguu ya suruali na mikia ya mashati, akazifanya mfarishi ili amkumbuke na kujifunika. Binti yake Arlonzia aliishuhudia kazi hiyo, naye mwenyewe akawa mshonaji mashuhuri. Bila shaka siku ile hakujifunza mshono tu. Aliona pia mama yake anavyoubeba msiba wake.

Sasa sikilizeni habari ya riziki. Katika miaka ya 1960 watu weusi wa Alabama walipodai haki ya kupiga kura, wako waliofukuzwa kazini na katika nyumba za kupanga kwa sababu hiyo. Kivuko cha Gee's Bend kilisimamishwa mwaka 1962, na watu wakalazimika kuzunguka mbali kwa barabara kufika mji wa wilaya. Kivuko kilirudi mwaka 2006. Katika shida hiyo wanawake wa kijiji na wa jirani waliunda chama cha ushirika mwaka 1966, Freedom Quilting Bee, wakauza mifarishi yao mpaka New York. Mwaka 1972 walipata mkataba wa kushona foronya za mito kwa kampuni ya Sears.

Lakini maduka makubwa yalitaka vitu vyote vifanane, inchi kwa inchi. Mwanamke aliyezoea kupanga vipande kwa jicho lake sasa alipaswa kufuata kipimo cha mnunuzi. Alipata mshahara, nalo ni jambo kubwa kwa mwenye watoto. Hata hivyo mifarishi iliyoonyeshwa katika jumba la sanaa la Houston mwaka 2002, na watu wakaistaajabia, ilikuwa ile waliyojishonea wenyewe majumbani. Basi msidharau kipimo, wala msikiache kipaji. Mjifunze vyote viwili.

Tufike kwenye kazi. Tutashona namna waiitayo paa la nyumba. Tutaanza na kipande kidogo, ambacho kinaweza kuwa kishikio cha sufuria.

Chagueni kanga, shuka au kaki iliyochakaa, mkaifue kwanza, ili iliyo ya kuruka rangi iruke sasa. Iinueni kwenye mwanga. Palipo wazi kama chujio paacheni. Kateni mraba wa inchi 4, na vipande virefu vya upana wa inchi 2 na nusu.

Wekeni kipande kirefu juu ya mraba, uso kwa uso, mkashone robo inchi toka ukingoni. Kunjueni, laza mshono kwa pasi, mkate kinachozidi. Geuzeni kazi, mtie kipande cha pili ubavuni, kikifunika na mwisho wa kile cha kwanza. Endeleeni hivyo kwa upande ule ule. Vipande vinne ni mzunguko mmoja. Mizunguko miwili hutoa futi moja ya mraba.

Halafu tandazeni bitana iliyo kubwa kidogo, uso chini. Juu yake wekeni pamba, kisha uso mlioushona. Shikizeni kwa mishono mirefu, mkianza katikati kwenda pembeni. Bandi nayo ianze katikati, la sivyo kitambaa kitavimba. Mwisho kunjeni bitana juu ya ukingo, mkapinde.

Mshono wa kwanza utakwenda upogo. Msiufumue wote. Kiwekeni kipande hicho, mkilinganishe na cha tano.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini bandi huanzia katikati?
2. Ni nani aliyekufundisha kushika sindano? Alikuonyesha nini ambacho hakukisema kwa maneno?
3. Kama mnunuzi akitaka mifarishi ishirini ya sura moja, kikundi chenu kingejibu nini? Toeni sababu za pande zote mbili.
4. Katika kijiji chenu, ni kazi gani ya mikono inayojulikana na wazee peke yao? Nani atakwenda kukaa nao wiki hii?

Juma lijalo leteni vipande vyenu, pamoja na vile vilivyoharibika. Kwaherini.